Jezi ikivuliwa kadi inatoka, ishara ya kuchinja refa anaangalia saa: mchangani tunafuata sheria gani?

Ilikuwa robo fainali, jua limeshainamia upande wa barabara, matokeo moja moja, na pale kiwanjani kwetu tunacheza dakika 40 kila kipindi kwa sababu hakuna taa na mechi ya kwanza haijawahi kuanza kwa wakati hata siku moja. Dakika ya 77 winga mmoja wa kulia, dogo wa bodaboda anayepaki pale stendi, akapokea mpira wa kurusha, akamuacha beki wa kwanza amekaa chini, akapiga shuti la chinichini likamgonga kipa mguuni likaingia. Kelele zilisikika mpaka sokoni. Dogo akakimbia hadi kwenye ule mwarobaini wanapokaa wauza mihogo, akavua jezi, na ndani alikuwa amevaa fulana nyeupe yenye picha ya kaka yake aliyefariki kama miezi miwili nyuma kwa ajali ya pikipiki. Nilikuwa nimesimama hatua sita hivi kutoka pale, alikuwa analia huku ameinyoosha ile picha kwa mikono miwili isijikunje. Refa akasubiri, mambo yalipotulia akamfuata akatoa njano, na kwa kuwa dogo alishakula njano kipindi cha kwanza kwa kuubutua mpira mbali baada ya filimbi, ikafuata nyekundu. Akatoka. Wenzake wakamalizia pungufu, wakashinda mbili moja, nusu fainali yeye akawa mtazamaji.

Siku ile sikulalamika. Iliniuma lakini sikulalamika, sheria naijua na refa alifanya alichotakiwa kufanya.

Wiki iliyofuata nusu fainali, kiwanja kilekile, refa mwingine. Straika wa timu ya wenyeji, na nikisema wenyeji namaanisha timu ya mtaa wanakotoka wengi wa waandaaji, akatupia la kwanza dakika ya 20 na kitu. Akavua jezi akaitupa kwa mashabiki, akatembea, hakukimbia, akatembea mpaka mbele ya benchi la wageni akapitisha kidole shingoni mara mbili taratibu huku anamuangalia kocha wao usoni. Refa akaangalia saa yake, akaandika goli, akarudi katikati. Hakuna kadi ya jezi wala ya ile ishara, na mechi ikasimama dakika kadhaa wakati jezi inatafutwa kwa mashabiki maana kila mtu anasema hajaiona. Yule winga alikuwa amekaa jirani yangu kwenye tofali, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kaka, kwani ile sheria ilikuwa ya kwangu peke yangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale, ndo maana naandika haya.

Tuanze na sheria yenyewe maana mtaani kila mtu anayo ya kwake. Sheria namba 12 ya mpira wa miguu inasema wazi kwamba mchezaji anaruhusiwa kushangilia goli, ila asizidishe. Kutoka nje ya mstari kwenda kushangilia sio kosa, ila urudi haraka. Kucheza kwa mpangilio, ile mliyofanyia mazoezi Ijumaa jioni, haihimizwi na isile muda, lakini haijakatazwa. Halafu kuna mambo manne ambayo njano ni lazima, yaani refa hana hiari: kuvua jezi au kujifunika nayo kichwa, kujifunika uso au kichwa kwa kinyago au kitu cha namna hiyo, kupanda uzio au kuwaendea mashabiki kwa namna inayohatarisha usalama, na kufanya kitendo cha uchokozi, dhihaka au uchochezi. Na kuna kipande watu wengi hawakijui, kwamba kadi inabaki hata kama goli lenyewe limekataliwa. Umevua jezi, mshika kibendera amenyoosha ofsaidi, goli hakuna na njano unayo.

Hiyo ya jezi kuwa kadi ya lazima ilianza 2004. Kabla ya hapo watu walivua mpaka wakachoka. Na nitasema kitu ambacho wachezaji wenzangu wa zamani hawatakipenda: mimi naiunga mkono, na naiunga mkono zaidi mchangani kuliko kwenye ligi kubwa. Sababu ni za kwetu wenyewe. Timu nyingi za mtaani zina seti moja ya jezi, kumi na tano au kumi na sita, na nimeshaona sub anaingia anavaa jezi iliyovuliwa na anayetoka, ikiwa imelowa vilevile. Jezi ikitupwa kwa mashabiki hairudi, na ikirudi imechanika, na dogo anaendelea na mechi amevaa fulana isiyo na namba, refa akitaka kumuandika anaanza kuuliza jina. Halafu muda. Dar miezi mingi jua linazama kwenye saa kumi na mbili kupita kidogo, ikifika na nusu giza linaingia, adhana ya magharibi imeshasomwa, na mechi ya pili ikienda penati mnapiga penati kipa anaona kivuli cha mpira. Goli nne zikishangiliwa dakika tatu tatu zimeondoka dakika 12, na dakika 12 kwenye kiwanja kisicho na taa huwezi kuziongeza mwishoni hata ukitaka. Kombe la Dunia la Qatar 2022 marefa waliambiwa wafidie muda uliopotea bila kupunja, ushangiliaji wa magoli ukiwemo, na sote tuliona nyongeza za dakika nane, tisa, kumi zikawa jambo la kawaida. Wao wana taa. Sisi tuna jua.

Kwa hiyo sheria ya jezi ibaki, na hata tungetaka kuitoa hatuna mamlaka hayo. Kwa mpira wa vijana, maveterani, walemavu na wa ngazi ya chini kabisa kama wetu, IFAB, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mpira, wanaruhusu shirikisho la nchi kubadilisha vitu vichache: ukubwa wa kiwanja, saizi ya mpira, upana wa goli, muda wa mechi, sub kutoka na kurudi, na adhabu ya kutolewa kwa muda, yaani kukaa nje dakika kadhaa halafu unarudi. Basi. Kamati ya bonanza haiwezi kukaa kwenye benchi la duka ikaamua jezi kwetu ruksa.

Tatizo langu lipo kwingine. Kati ya yale makosa manne, tunaadhibu lile linaloonekana kwa macho bila kufikiri, na yale yanayohitaji refa apime na aamue tunayaacha. Jezi imevuliwa au haijavuliwa, hakuna ubishi, refa anatoa kadi mbele ya watu mia tano na hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia umekosea. Ila ishara ya kuchinja, kidole mdomoni mbele ya mama wa mchezaji wa timu pinzani, kumlalia beki uliyempiga chenga, haya yanataka refa aseme "mimi nimeona hii ni dhihaka", na akishasema hivyo amejiweka mwenyewe mbele. Watu watamuuliza kwa nini. Sasa kama yuko peke yake, hana polisi wala mgambo na posho yake bado iko mfukoni kwa mwandaaji, ataona kweli?

Na hili halipo mchangani tu. Fainali ya Kombe la Dunia 2010 pale Johannesburg, Hispania na Uholanzi, refa Howard Webb. Dakika ya 28 Nigel de Jong akanyanyua mguu akamkanyaga Xabi Alonso kifuani, daluga kamili, akapewa njano. Dakika ya 116 Andres Iniesta akafunga goli la ubingwa, akavua jezi, ndani ameandika ujumbe wa kumkumbuka rafiki yake Dani Jarque aliyefariki mwaka mmoja kabla, naye akapewa njano. Rangi ileile! Webb mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba ile ya De Jong ilistahili nyekundu na kwamba hakuiona vizuri. Simlaumu, ila ukiziweka zile kadi mbili pamoja unaona jinsi sheria nyepesi kuonekana inavyofuatwa kwa asilimia mia na ile nzito inateleza, kwenye mechi kubwa kuliko zote duniani. Na yule winga wetu wa bodaboda na fulana ya kaka yake, tofauti yake na Iniesta ni kwamba Iniesta hakuwa na njano nyingine.

Mfano mwingine ambao unanikaa kichwani ni wa 2018 Urusi, Uswisi na Serbia. Granit Xhaka akafunga, Xherdan Shaqiri akafunga, wote wawili wakakunja mikono wakatengeneza tai wa Albania mbele ya mashabiki wa Serbia, na kila mwenye kujua historia ya Kosovo alijua kile kitu kina uzito gani. Shaqiri alipewa njano ya kuvua jezi. Ile tai ikaachwa uwanjani, FIFA wakaja kuishughulikia siku zilizofuata, faini ya faranga 10,000 kila mmoja. Kule wana kamati, wana video za kila pembe, wana ripoti ya kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, kwa hiyo kosa ambalo refa ameliruka linaweza kukamatwa Jumanne. Kwetu Jumanne hakuna mtu. Kwetu kosa la dhihaka lisiposhughulikiwa palepale linashughulikiwa na mashabiki wakati wa kutoka, njiani, kwa mawe. Ndo maana naona refa wa mchangani anatakiwa awe mkali kwenye uchochezi kuliko hata refa wa Kombe la Dunia, sio awe mlegevu zaidi.

Sasa dhihaka ni nini? Hapa ndo ugumu ulipo na sitaki kuupita haraka.

Chukua kutetema, ile staili ya kushangilia kwa kutikisa mabega. Straika Fiston Mayele alivyokuwa Yanga kati ya 2021 na 2023, kila akifunga anatetema, na msimu wa 2022/23 alimaliza na goli 17 sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, kwa hiyo tulitetemeshwa sana. Watoto wa chekechea walitetema. Bibi yangu alitetema. Mchangani ilikuwa huwezi kumaliza Jumamosi bila kuona mtu anatetema kwenye kibendera cha kona, na wala haikuwa kosa, ilikuwa raha. Lakini msimu huohuo nikaona beki mmoja ameteleza kwenye mchanga, straika akampita akafunga, halafu akarudi mpaka pale beki alipokaa anashika kifundo cha mguu akamtetemea usoni, sentimita chache, na beki akanyanyuka na ngumi. Nyekundu ikaenda kwa beki. Straika hakupewa kitu, na refa tulipomuuliza baada ya mechi alisema, "Jamani ile si ya Mayele, mbona Mayele hapewi kadi?"

Jibu hilo linaonyesha shida yote. Refa aliangalia staili, hakuangalia inamuelekea nani. Mwendo uleule wa mabega mbele ya mashabiki wako ni furaha, mbele ya uso wa mtu aliyeanguka ni dhihaka, na sheria haijataja staili hata moja kwa jina, imetaja uchokozi, dhihaka na uchochezi. Kwa hiyo swali la kwanza la refa lingekuwa: huyu anashangilia na nani, au anamshangilia nani usoni? Akiwaelekea wenzake, benchi lake, watu wake, mwache. Akienda kwa benchi la wapinzani, kwa kipa aliyefungwa, kwa mashabiki wa upande wa pili, hapo tayari mguu mmoja upo kwenye kadi hata kama anacheza singeli nzuri kiasi gani. Ishara za kuua, kuchinja, kupiga risasi kumuelekea mtu, hizo hata usipime. Kusujudu, kupiga ishara ya msalaba, kunyoosha kidole juu, kubeba mtoto aliyekimbilia uwanjani, haya sio makosa, na refa anayewafokea vijana kwa kusujudu kwa sababu "wanachelewesha" anatakiwa kukumbushwa kwamba sijida inachukua sekunde nne. Siphiwe Tshabalala alivyofungua Kombe la Dunia 2010 dhidi ya Mexico walijipanga watano pembeni wakacheza, bara zima likacheza nao, hakuna aliyedhihakiwa na hakuna aliyepewa kadi.

Hilo ndo ningependa lifundishwe kwanza kwenye kozi za marefa wa wilaya kabla ya kuhesabu jezi.

Niseme kidogo kuhusu imani moja ya mtaani inayoleta ugomvi kila msimu, kwamba timu nzima ikitoka nje kushangilia, wapinzani wanaruhusiwa kuanza mpira wakafunge goli tupu. Nimeona timu imefanya hivyo, nimeona hata refa amekubali goli la namna hiyo, na uwanja ukageuka vita. Haipo. Mpira wa kuanzia katikati unaanza refa akitoa ishara, na wachezaji wote wanatakiwa wawe kwenye nusu yao isipokuwa anayeuanzisha. Ambao hawajarudi waharakishwe, wakigoma wapewe kadi ya kuchelewesha, muda ufidiwe, lakini hakuna goli la kuvizia. Makocha waacheni vijana na hiyo hadithi.

Turudi kwenye usawa wa marefa. Nimekaa kwenye kamati za mashindano ya mtaani miaka kadhaa na nimechukua kozi ya awali ya uamuzi, kwa hiyo nayajua haya kutoka pande zote mbili. Tunavyopata marefa ni hivi: Alhamisi mwandaaji anapiga simu, "Kaka Jumamosi una nafasi?" Akisema hana anapigiwa mwingine. Anayekuja robo fainali sio anayekuja nusu fainali, na hawajawahi kukaa pamoja kuulizana "wewe ishara ya kuchinja unaichukuliaje?" Washika vibendera mara nyingine ni vijana wawili waliokuja kuangalia mechi. Posho inatoka kwenye ada za timu na inalipwa baada ya mechi, na anayelipa ana timu yake ndani ya mashindano. Ripoti ya mechi haiandikwi, au inaandikwa nyuma ya karatasi ya listi ya wachezaji halafu inapotea. Sasa mazingira hayo hata umlete nani usawa atautoa wapi? Watu wanasema refa kala hela. Wengine wanakula, sikatai, ila refa wa ile nusu fainali nilizungumza naye na naamini hakula chochote. Aliogopa. Aliniambia hivi, na yeye ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu: "Mwanangu, pale goli lilipoingia mashabiki walishakuwa ndani ya kiwanja, mia na zaidi. Ningetoa kadi nikiwa katikati yao, nani angenitoa mimi?" Nikamwambia shikamoo mzee, maana sikuwa na lingine la kumwambia.

Kwa hiyo ile kadi ambayo haikutoka ilikosekana kabla mechi haijaanza. Ilikosekana waandaaji walipoamua kamba ni gharama, walipompanga refa asiyejua mwenzake wa wiki iliyopita aliamua nini, walipokubali mashabiki wakae kwenye mstari wa pembeni kabisa mpaka kibendera cha kona hakionekani. Na hapa ndo natofautiana na wadau wengi wanaotaka tubadilishe marefa tu. Utabadilisha kumi na wote wataangalia saa.

Kuna jambo dogo la kifundi pia. Sheria haimlazimishi refa atoe kadi ndani ya ile fujo. Anaweza kusubiri, akasimama pembeni ya duara la katikati, akaandika namba, akamuita mchezaji na kepteni wake wakiwa peke yao kabla mpira haujaanzishwa. Refa wa robo fainali alifanya hivyo na hakuguswa na mtu. Na namna ya kutoa ina uzito wake. Vincent Aboubakar, Kameruni na Brazil, Qatar, tarehe 2 Desemba 2022, goli la dakika za nyongeza lililoifanya Kameruni kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuifunga Brazil kwenye Kombe la Dunia. Akavua jezi, alikuwa na njano. Refa Ismail Elfath, Mmarekani mzaliwa wa Morocco, akamfuata anatabasamu, akampa mkono, akampigapiga kichwani, ndo akatoa njano na nyekundu. Aboubakar akatoka anatabasamu. Kadi ni ileile, hakuna aliyesema ameonewa. Hebu fikiria kama yule dogo wetu angeambiwa maneno mawili tu, "pole kwa kaka yako, ila sheria inanilazimisha". Angetoka na kichwa juu. Alitolewa kama mwizi, kadi imenyooshwa, filimbi tatu, "toka nje, toka nje".

Kuna wazo moja nalipigia debe na najua lina mashimo. Tangu 2017 sheria inaruhusu mpira wa ngazi yetu kutumia adhabu ya kutolewa kwa muda, shirikisho la nchi likikubali. Badala ya njano iliyobaki kwenye karatasi, mchezaji anakaa nje asilimia 10 mpaka 15 ya muda wa mechi, yaani kwa mechi yetu ya dakika 80 ni kati ya dakika 8 na 12. Unaweza kuitumia kwa njano zote au kwa baadhi tu, Uingereza kwa mfano walianza 2019 kuitumia kwenye mpira wao wa chini kwa wanaobishana na refa. Mimi ningeomba itumike kwa uchokozi wa kwenye kushangilia. Sababu njano mchangani haina maana, mashindano yana mechi tano, hakuna anayehesabu kadi kutoka mechi moja kwenda nyingine, faini hailipwi. Ila kumuambia straika ambaye ametoka kufunga kwamba atakaa nje dakika 8 wakati timu yake inalinda goli hilohilo, hiyo inauma sasa hivi, na kocha mwenyewe ndo atakuwa wa kwanza kumkataza. Shimo lake ni kwamba unahitaji mtu wa mezani mwenye saa, asiye na timu, na refa mwenye ujasiri wa kutoa adhabu inayouma zaidi kuliko hii anayoogopa kutoa leo. Kwa hiyo ulinzi unakuja kwanza, hiyo nakubali kabisa.

Kwa sasa tunayoweza kufanya bila kuomba ruhusa kwa mtu ni machache na hayana gharama ya kutisha. Marefa wa mashindano wawe kundi moja, watu sita au nane, wakae siku moja kabla ya mechi ya kwanza waangalie matukio kumi kwenye simu na wakubaliane lipi ni kadi lipi sio. Mimi nitaleta hata ile tetema ya usoni, ninayo. Posho ilipwe kabla ya mechi kuanza, mkononi, mbele ya makepteni wote wawili. Dakika tano kabla ya filimbi refa awaite makepteni awaambie, jezi ni kadi, kinyago ni kadi, kuwaendea wapinzani ni kadi, mkienda kwa watu wenu nawapa muda wenu. Na ripoti, hata ya nusu ukurasa, ipigwe picha itumwe kwenye grupu la WhatsApp la viongozi usiku huohuo, ili refa wa wiki ijayo aone mwenzake alifanya nini na ili anayebeba timu ya wenyeji aone pia kwamba imeandikwa.

Ligi za wilaya zina kamisaa na zina utaratibu wake, siongelei hizo. Naongelea mabonanza yetu, kombe la mbuzi, kombe la diwani, kombe la marehemu fulani, kule ambako wachezaji wa Ligi Kuu wanashuka msimu ukiisha kucheza na watoto wa mtaa na watoto wanaiga kila kitu wanachoona, mpaka namna ya kumuangalia refa.

Droo ya mashindano yajayo ni Jumapili saa nne asubuhi, palepale kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Yule winga anarudi, adhabu yake imeisha na fulana ya kaka yake ameniambia ataivaa tena, ila safari hii hatavua jezi, ataonyesha kwa kuinyanyua kidogo chini. Nikamwambia hata hiyo asifanye, kuvua jezi ndo njano, lakini sheria ya vifaa inakataza pia kuonyesha ujumbe binafsi kwenye nguo ya ndani na adhabu yake inatoka kwa waandaaji, kwa hiyo nitaomba kamati impe nafasi kabla ya mechi, timu zote zisimame dakika moja na picha iwe mbele. Katibu ameshakubali. Kuhusu kamba bado hajajibu, anasema mita 300 za kamba na fito za kusimamishia hazipo kwenye bajeti, nami nimemwambia nitalala nazo mlangoni kwake kama itabidi, maana yule mzee wa nusu fainali ameombwa achezeshe tena na jibu lake kwangu lilikuwa swali moja, "Kamba ipo?"